Kupima Kaboni Dioksidi Iliyoyeyuka Majini: Mwongozo Kamili kwa Mto, Ziwa na Kisima

Kipimo hiki huharibikia kwenye kumimina. Kemikali zinaweza kuwa safi, bureti nzuri na hesabu sahihi, lakini jibu likatoka nusu ya ukweli kwa sababu maji yalichotwa kwa ndoo, yakamiminwa kwenye chupa, kisha yakamiminwa tena kwenye silinda. Kila ukimimina ni kama umefungua soda. Maji ya kisima kirefu, ambayo mara nyingi hubeba gesi nyingi kuliko maji yaliyozoea hewa, ndiyo hupoteza upesi kuliko yote.

Hapa tunapima maji yaleyale kwa njia mbili zisizotegemeana: titresheni ya moja kwa moja (kudondosha kemikali ya nguvu inayojulikana mpaka rangi ibadilike), na hesabu kutokana na pH na ualkali (uwezo wa maji kuzima asidi). Zikikubaliana, una jibu. Zikipishana, namna zinavyopishana itakuonyesha kosa liko wapi. Mwishoni ipo njia ya tatu, ya sirinji, kwa maji ambayo njia hizi mbili haziyawezi.

## Vitu vya kuandaa

Vya kuchotea:

- chupa za kioo za mL 300 zenye kizibo cha kioo, zile zinazotumika kupimia BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu majini), zisizopungua 4
- mpira laini wa silikoni wa mita 1 hivi
- kipimajoto
- kasha lenye barafu

Vya kupimia:

- mita ya pH inayosoma hadi 0.01, pamoja na bafa (miyeyusho ya pH inayojulikana) za pH 4, 7 na 10
- bureti ya mL 10 yenye mgawanyo wa mL 0.05
- silinda mbili za kupimia za mL 100 na kijiti cha kioo
- chupa ya koni ya mL 250
- sodiamu hidroksidi ya N 0.0227 (N, yaani normaliti, ni kipimo cha nguvu ya myeyusho)
- asidi ya salfuriki ya N 0.02
- fenolftaleini ya asilimia 0.5 iliyoyeyushwa kwenye alkoholi
- sodiamu bikabonati ya maabara
- potasiamu hidrojeni ftaleti iliyokaushwa, ya kuhakikia nguvu ya hidroksidi
- glavu na miwani ya kinga

Namba 0.0227 ni 1 gawanya kwa 44, na 44 ni uzito wa moli moja ya kaboni dioksidi. Ukitumia mL 100 za sampuli, kila mL 1 ya hidroksidi hiyo ni sawa na mg 10 za gesi kwa lita. Unaweza kutumia nguvu nyingine, ila utalazimika kupiga hesabu nzima kila mara.

## Hatua ya 1: Tengeneza hidroksidi siku hiyohiyo

Chemsha maji yaliyokenekwa kwa dakika 15, yafunike, yaache yapoe. Usiruke hatua hii. Maji yaliyokenekwa yakikaa wazi hunyonya kaboni dioksidi ya hewani mpaka pH yake ikashuka karibu na 5.6. Ukiyatumia hivyo, umeitia sampuli gesi kabla hujaipima.

Chukua mL 227 za sodiamu hidroksidi ya N 0.1, ongeza maji hayo mpaka ifike lita 1. Weka kwenye chupa ya plastiki inayofunga vizuri.

Sasa hakikisha nguvu yake. Pima gramu 0.100 ya potasiamu hidrojeni ftaleti, iyeyushe kwenye mL 50 za maji yaliyochemshwa, tia matone 3 ya fenolftaleini, kisha dondosha hidroksidi kutoka kwenye bureti. Rangi ya waridi inapaswa kutokea kwenye mL 21.6 hivi. Ikitokea kwenye mL 23, hidroksidi yako imechoka: imeshanyonya gesi ya hewani na nguvu imepungua. Ukiitumia kama ilivyo, utadondosha nyingi kuliko inavyotakiwa na jibu litapanda. Imwage, tengeneza nyingine.

Chupa iliyofunguliwa wiki iliyopita usiiamini, hata lebo yake iwe safi namna gani.

## Hatua ya 2: Chagua saa, kisha uiandike

Mchana mimea ya majini na mwani hula kaboni dioksidi. Usiku viumbe vyote hupumua na hakuna anayeila. Kwa hiyo katika bwawa lenye mwani mwingi, maji ya alfajiri na maji ya alasiri yanaweza kuonekana kama yametoka mabwawa mawili tofauti. Ukitaka kulinganisha siku na siku, chota saa ileile. Ukitaka kujua kiwango cha juu kabisa, chota kabla jua halijachomoza.

Kwa kisima, piga pampu kwanza mpaka jotoridi na pH zitulie. Maji yaliyolala ndani ya bomba yameshabadilika. Unayoyataka ni ya ardhini.

## Hatua ya 3: Chota bila kuyatibua maji

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Fanya hivi:

1. Unganisha mpira kwenye bomba la kisima, au kwenye tundu la chini la chombo cha kuchotea maji ya kina. Acha maji yapite mpaka mpira wote ujae na viputo viishe ndani yake.
2. Shusha ncha ya mpira mpaka iguse kitako cha chupa ya mL 300.
3. Fungua maji taratibu. Yapande kutoka chini kimyakimya. Ukisikia sauti ya maji kuanguka, umeshakosea.
4. Chupa ikijaa, acha maji yafurike juu ya mdomo mpaka yamwagike mara mbili au tatu ya ujazo wake, yaani mL 600 hadi 900. Maji ya kwanza yaligusa hewa iliyokuwa ndani ya chupa, hivyo yafukuze.
5. Toa mpira polepole huku maji yakiendelea kutoka, ili usiache shimo la hewa nyuma yake.
6. Teremsha kizibo kwa mshazari, maji yabubujike pembeni, kisha kibane.

Pindua chupa juu chini uitazame kwenye mwanga. Kukionekana kiputo hata cha ukubwa wa punje ya mtama, mwaga, rudia. Chupa nzuri haionyeshi kitu kinachotembea ndani yake.

Unapojaza chupa, usivute maji kwa mdomo wala kwa sirinji kubwa. Kuvuta kunashusha shinikizo, na shinikizo likishuka gesi inatoka. Weka chombo juu, chupa chini, maji yateremke yenyewe.

Kwa mto usio na kina, laza mkono ndani ya maji, elekeza mdomo wa chupa kule maji yaendako, izamishe yote, igeuze polepole, na uifunge ikiwa bado chini ya maji.

Iweke chupa kwenye barafu, gizani. Joto hufukuza gesi, na mwanga huamsha mwani. Titresheni ya gesi ifanyike palepale ulipochota. Ualkali unaweza kungoja hadi saa 24 ukiwa kwenye baridi.

Onyo kuhusu maziwa ya volkano. Maji ya kina kirefu katika maziwa ya aina hiyo yanaweza kushika gesi nyingi kwa sababu ya shinikizo la maji yaliyo juu yake. Ukiyapandisha, yanachemka viputo njiani, na chupa ya kawaida haitakupa jibu lolote la maana. Hapo hutumika vyombo vinavyohifadhi shinikizo. Gesi hii pia ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni. Ziwa Nyos la Kameruni liliitoa kwa wingi mnamo Agosti 1986, na watu wapatao 1,700 walikufa. Usiiname kwenye shimo, kisima kilichofunikwa au bonde lisilo na upepo kabla hujapima hewa yake.

## Hatua ya 4: Soma pH hapohapo

Sahihisha mita kwa bafa mbili zinazoyaweka maji yako katikati: 7 na 4 kwa maji yenye asidi, 7 na 10 kwa maji yaliyo juu ya 7. Bafa ziwe na jotoridi karibu na la maji. Bafa ya 10 hunyonya gesi ya hewani na kushuka, kwa hiyo imimine mpya kila siku na usirudishe iliyotumika kwenye chupa yake.

Chovya elektrodi ndani ya mto wenyewe, au ndani ya chombo ambacho maji ya kisima yanaingia kwa chini na kufurika juu. Usikoroge kwa nguvu. Ngoja mpaka namba isibadilike zaidi ya 0.01 ndani ya nusu dakika. Maji yenye chumvi chache sana, kama ya mvua au ya milima ya mawe magumu, huifanya elektrodi iwe nzito kutulia. Dakika 5 au zaidi ni kawaida.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu kwenye hesabu ya Hatua ya 7, kosa la pH la 0.1 tu linakukosesha karibu robo ya jibu. Kosa la 0.3 linalifanya jibu liwe mara mbili au nusu yake. Hakuna mahali pengine kwenye kazi hii ambapo kosa dogo hivyo linagharimu sana.

Ukiona pH inapanda yenyewe taratibu maji yakiwa kwenye kikombe wazi, usidhani mita imeharibika. Unatazama gesi ikitoka.

## Hatua ya 5: Titresheni ya gesi

Kwanza tengeneza rangi ya kulinganishia. Yeyusha gramu 0.84 ya sodiamu bikabonati kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa. Jaza silinda moja mL 100 na utie matone 10 ya fenolftaleini. Utapata waridi hafifu sana. Rangi hiyo ndiyo mwisho wako, karibu na pH 8.3. Jicho la mtu haliikumbuki rangi hafifu, linailinganisha.

Sasa sampuli:

1. Ingiza mpira kwenye chupa ya sampuli, uyateremshe maji mpaka kitako cha silinda ya pili. Yapite kidogo alama ya mL 100, kisha uondoe yaliyozidi kwa pipeti ukiigusisha juu tu.
2. Tia matone 10 ya fenolftaleini. Maji yakigeuka waridi papo hapo, simama: hakuna gesi huru inayopimika kwa njia hii.
3. Dondosha hidroksidi, ukikoroga kwa kijiti polepole kutoka chini kwenda juu, bila kuvunja uso wa maji.
4. Waridi ikitokea, hesabu sekunde 30. Ikififia, ongeza tone.

Hapo kwenye kufifia ndipo wengi hukata tamaa au hukubali mapema. Kaboni dioksidi iliyoyeyuka haigeuki asidi mara moja. Inahitaji sekunde kadhaa. Hidroksidi inamaliza kwanza kilicho tayari, rangi inatokea, halafu gesi iliyobaki inajitokeza na kuila rangi. Waridi ya sekunde 5 ni ya uongo. Ya sekunde 30 ndiyo ya kuandika. Usingoje dakika nzima pia, maana hewa ya juu ya silinda nayo inaanza kuingia.

Jibu la kwanza ni la kukuonyesha njia tu. Kama lilitoka mL 1.20, chukua maji mengine kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, na safari hii tia mL 1.1 kwa mkupuo, kisha malizia tone kwa tone. Gesi inafungwa kabla haijapata nafasi ya kutoka. Kwa kawaida jibu la pili huwa kubwa kidogo kuliko la kwanza, na hilo la pili ndilo la kuaminika. Fanya la tatu vilevile. La pili na la tatu zikitofautiana kwa mL 0.1 au chini yake, umefaulu.

Hesabu: mL za hidroksidi mara 10. Kwa mfano mL 1.35 ni mg 13.5 kwa lita.

## Hatua ya 6: Ualkali

Hapa pumzika kidogo. Ualkali haubadiliki gesi ikitoka, kwa hiyo unaweza kumimina maji kama kawaida. Kinachouharibu ni chokaa kuganda ndani ya chupa, na tope. Maji yenye tope yachuje kwanza.

Weka mL 100 kwenye chupa ya koni, chovya elektrodi, dondosha asidi ya salfuriki ya N 0.02 mpaka pH ifike 4.5. Kila mL 1 ni mg 10 kwa lita, ukihesabu kama kalsiamu kabonati. Ikitumika mL 11.2, ualkali ni 112.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya pili

Gawanya ualkali kwa 50, zidisha kwa 44, kisha zidisha kwa 10 iliyopandishwa kwenye kipeo cha (pK toa pH). pK ni namba inayoonyesha nguvu ya asidi inayotokana na gesi hii, nayo inategemea jotoridi la maji pale ulipoyachota:

- nyuzi 10: 6.46
- nyuzi 15: 6.42
- nyuzi 20: 6.38
- nyuzi 25: 6.35
- nyuzi 30: 6.33

Chukua ualkali 112, pH 7.20, nyuzi 25. Kugawanya kwa 50 kunatoa 2.24. Mara 44 ni 98.6. Kipeo ni 6.35 toa 7.20, yaani hasi 0.85, na 10 kwa kipeo hicho ni 0.141. Jibu ni mg 13.9 kwa lita. Titresheni ilisema 13.5. Ukipata ukaribu kama huo, funga daftari.

Hesabu hii inachukulia kwamba karibu ualkali wote ni bikabonati. Hiyo ni kweli kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya pH 6 hadi 8.3 hivi. Kwenye maziwa ya magadi, yenye pH ya 9 na 10, kabonati imeshika sehemu kubwa na hesabu hii haifai. Kwa maji ya bahari vipeo vya pK ni vingine kabisa, usitumie hivi.

## Majibu yakipishana

Titresheni iko chini sana ya hesabu. Gesi imetoroka kati ya chupa na silinda, au uliikubali waridi ya mwanzo. Rudia Hatua ya 3 na ya 5 kwa chupa mpya. Likibaki palepale, tazama rangi ya maji: yakiwa ya kahawia kama chai, yenye asidi za majani yaliyooza, sehemu ya ualkali si bikabonati bali ni ya asidi hizo, na hesabu ndiyo inayotia chumvi. Kwenye maji ya namna hiyo yenye ualkali mdogo, hesabu inaweza kupita ukweli mara kadhaa.

Titresheni iko juu sana ya hesabu. Kuna sababu tatu za kutazama kwa mpangilio huu. Pima hidroksidi upya, pengine imechoka. Uliza pH ilisomwa wapi: ikisomwa kwenye kikombe baada ya gesi kutoka, ilipanda, na hesabu ikashuka. Mwisho, tafuta kitu kingine kinachokula hidroksidi. Harufu ya yai bovu ni salfidi ya hidrojeni. Utando wa kutu baada ya maji kukaa ni chuma, na chuma kikizidi mg 1 kwa lita titresheni hii haiaminiki. Amonia, alumini na maji yanayotoka migodini nayo ni hivyo hivyo.

Zote mbili ni ndogo, chini ya mg 2. Hapo umefika mwisho wa uwezo wa bureti. Mgawanyo wa mL 0.05 ni sawa na mg 0.5 kwa lita, wakati maji yaliyo sawa na hewa kwa nyuzi 25 yana mg 0.6 tu. Huwezi kujua kwa bureti kama uso wa ziwa unatoa gesi au unaivuta. Tumia sirinji.

## Njia ya sirinji

Inahitaji sirinji za mL 60 zenye vali ya njia tatu, na mashine ya kupima gesi kwa infraredi au kromatografi ya gesi. Ndiyo njia ninayoipendekeza kwa maji ya kahawia na kwa maji yenye gesi kidogo, kwa sababu haimuulizi mtu rangi wala pH.

Vuta mL 30 za maji polepole, sirinji ikiwa imezama, na utoe kiputo chochote. Kisha vuta mL 30 za hewa uliyokwisha kuipima. Funga vali, tikisa kwa nguvu dakika 2 kivulini, ukiishika sirinji kwenye ncha na kwenye mpini ili mkono usiyapashe maji moto. Hamishia gesi peke yake kwenye sirinji kavu, kisha ipeleke kwenye mashine. Tone moja la maji likiingia, kipimo kimeharibika.

Kwa nyuzi 25, tuseme mashine imesoma mikroatimosfia (kipimo cha shinikizo la gesi) 2,000, na hewa uliyoingiza ilikuwa 420. Gesi iliyobaki majini ni 2,000 mara 0.034, yaani mikromoli 68 kwa lita. Iliyohamia hewani ni 2,000 toa 420, mara 0.0409, yaani 64.6. Jumla 132.6. Zidisha kwa 0.044 upate mg 5.8 kwa lita. Anayesahau sehemu ya pili hupoteza karibu nusu ya gesi yake, na kosa hilo halionekani kwa macho kwa sababu 68 nayo ni namba ya kuaminika.

Namba 0.034 ni ya nyuzi 25. Kwa nyuzi 20 tumia 0.039, kwa nyuzi 15 tumia 0.046, na 0.0409 iwe 0.0416 na 0.0423. Jotoridi la kutumia ni la maji wakati wa kutikisa, siyo la ziwani asubuhi.

Tahadhari moja: maji yenye ualkali mkubwa na pH ya juu hutengeneza gesi mpya kutoka kwenye bikabonati wakati unatikisa, na jibu linapanda. Kwa maji hayo punguza hewa, mL 10 kwa mL 50 za maji, na sehemu ya pili ya hesabu, ile ya gesi iliyohamia hewani, izidishe kwa 10 uigawanye kwa 50 kabla ya kujumlisha. Daftarini andika ujazo wa hewa, ujazo wa maji, jotoridi la kutikisa na kipimo cha hewa ya mwanzo. Kimoja kikikosekana, hesabu haiwezi kurudiwa.